Mto Upimwe kwa Samaki Wake Dhaifu

Serikali ikiamua kuulinda mto, huulinda. Nasema hivi kwa sababu kauli ninayoisikia mara kwa mara katika semina, katika vikao vya madiwani na hata katika insha za wanafunzi wangu ni kwamba mito yetu inaharibika kwa kuwa nchi ni kubwa, maofisa ni wachache na fedha hazitoshi. Historia ya Afrika Mashariki inaikanusha kauli hiyo kupitia shahidi ambaye sisi wakazi wa Nyasubi, kata ya Manispaa ya Kahama, hatuna kawaida ya kumtaja: samaki wa kigeni aitwaye trauti.

Trauti ni samaki wa maji baridi. Kuna aina mbili zinazojulikana zaidi katika milima yetu: wa kahawia, ambaye asili yake ni Ulaya, na wa rangi za upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito inayoingia katika Bahari ya Pasifiki. Wote wawili wanataka maji safi, yanayokwenda kasi, yenye oksijeni nyingi. Kwa kuwa maji baridi hubeba oksijeni zaidi kuliko maji ya vuguvugu, joto likizidi nyuzi 20 hivi za Selsiasi trauti huanza kutaabika, na likizidi mno hufa. Tope likifunika mawe, mayai yake hukosa hewa. Sumu ikiingia, yeye ni miongoni mwa wa kwanza kutoweka. Ndiyo maana hana makao katika tambarare za Shinyanga, ilhali anaishi katika vijito vya Mlima Kenya, vya safu ya Aberdare, vya Kilimanjaro na vya Nyanda za Juu Kusini mwa nchi yetu.

Huko hakufika mwenyewe. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan, aliyepata jina kwa safari yake ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki hao wakapandwa katika mto Gura, unaoteremka kutoka Aberdare. Hebu fikiri gharama ya jambo hilo: mayai yanayoharibika kwa joto kidogo tu, yavushwe bahari, yapande reli kutoka Mombasa, kisha yabebwe hadi mlimani yakiwa bado hai. Miaka miwili baadaye, Machi 1907, Grogan huyohuyo aliwachapa viboko Waafrika mbele ya mahakama ya Nairobi, hadharani, huku walowezi wenzake wakitazama. Yai la samaki lilipewa uangalizi ambao binadamu mwenye nchi yake hakupewa. Anayetaka kuufahamu ukoloni bila kusoma vitabu vingi aziweke tarehe hizo mbili pamoja.

Baada ya kupandwa, trauti alitungiwa sheria. Kenya ilikuwa na sheria mahususi kwa ajili ya samaki huyu mmoja. Mvuvi alitakiwa kuwa na leseni; urefu wa samaki anayeruhusiwa kuchukuliwa uliwekwa, na idadi kwa siku ikawekwa. Katika mito mingi chambo kilichoruhusiwa kilikuwa kimoja tu, nzi bandia wa manyoya na uzi, ili uvuvi uwe wa polepole na samaki wasimalizwe. Katika miaka ya 1940 kituo cha kuzalisha vifaranga kilianzishwa Kiganjo, karibu na Nyeri, ili mito isipungukiwe. Wakikuyu, wenyeji wa vijito hivyo, kwa jadi hawakuwa walaji wa samaki. Kwa hiyo mfumo wote huu haukujengwa kwa ajili ya kitoweo cha mwenyeji. Ulijengwa ili ofisa wa kikoloni na mlowezi wapate mahali pa kupumzika panapofanana na kwao.

Haya ndiyo ninayotaka msomaji ayashike kabla hatujaendelea. Nchi ilikuwa kubwa wakati ule pia. Maofisa walikuwa wachache kuliko sasa, na barabara zilikuwa mbaya zaidi. Hata hivyo mto ulipimwa, ukasimamiwa na ukawa na walinzi, kwa sababu watu wenye sauti walikuwa na sababu yao binafsi ya kutaka maji yake yabaki baridi na safi.

Nimewahi kuuona uangalizi wa namna hiyo kwa macho yangu, ingawa siku hizi uko mikononi mwa watu wengine. Miaka kadhaa iliyopita, mwezi Julai, shughuli za kitaaluma zilinipeleka Nyeri. Julai hapa Nyasubi ni kipupwe: asubuhi ya ubaridi mkavu, upepo, na vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye sahani. Julai kule ni ukungu unaolowesha nguo bila mvua kunyesha. Mwenyeji wangu, mhadhiri mstaafu, alinichukua alfajiri hadi mto Thego, unaoshuka kutoka Mlima Kenya, akiwa na kibali chake mfukoni, gambuti miguuni, na ufito mwembamba mrefu kuliko yeye.

Nilidhani angeanza kuvua. Alianza kwa kufunga kipimajoto kwenye uzi na kukizamisha majini: nyuzi 11. Akaandika katika daftari. Kisha akaingiza mkono katika maji yale, akageuza jiwe na kuniita.

"Mwalimu, usimtafute samaki kwanza. Tafuta anachokula."

Chini ya jiwe walikuwamo mabuu ya wadudu, wengine bapa wenye mikia mitatu kama nyuzi, wengine wamejijengea vijumba vya mchanga vyenye umbo la kidole. Wadudu hao huishi majini kwa miezi mingi kabla ya kuota mabawa, na wengi wao hawastahimili maji machafu. Aliwahesabu kwa aina, akaandika tena. Ndipo akachagua katika kisanduku chake nzi bandia aliyefanana na mabuu yale.

Kwa asiyewahi kuuona, uvuvi huu una jambo la kustaajabisha. Katika uvuvi tuliouzoea, uzito wa chambo au wa kipande cha risasi ndio unaouvuta mshipi. Hapa nzi hana uzito wowote; mshipi wenyewe ndio mzito, nao hurushwa nyuma na mbele juu ya kichwa mpaka unyooke na kumshusha nzi taratibu mahali palipokusudiwa. Siku ya baridi kazi huwa ngumu zaidi. Damu ya samaki hufuata joto la maji, kwa hiyo trauti hushuka chini, nyuma ya mawe, mahali ambapo mkondo haumchoshi, na hafukuzi chakula. Chakula lazima kimpitie mdomoni. Mzee alirusha, akaacha mshipi uchukuliwe na maji, akavuta, akarusha tena. Vidole vyake vilibadilika rangi. Vyangu, nilivyovificha mfukoni, havikuwa na nafuu kubwa. Tangu alfajiri hadi karibu saa sita hakupata kitu.

Ukungu ulipopungua kidogo na jua kugusa maji, wadudu wachache walianza kupanda juu, na samaki nao wakaamka. Alimpata mmoja, wa urefu wa kiganja, mgongo wa kahawia, madoa mekundu ubavuni. Aliloanisha mikono kwanza ili asimvue ute unaomkinga ngozi, akamtoa ndoana, akamshika akielekea mkondo mpaka alipopata nguvu, akamwachia. Alikuwa chini ya kimo kinachoruhusiwa.

Nilimuuliza: "Mzee, baridi yote hii, na samaki mwenyewe umemrudisha?"

"Mwalimu, maji haya yakipata joto au tope, hawa ndio wa kwanza kuondoka. Nikimpata mmoja nalala vizuri."

Akaandika tena. Daftari lile lilikuwa na kumbukumbu za miaka mingi: tarehe, joto la maji, rangi yake, wadudu waliokutwa, samaki walioonekana. Alinionyesha miezi ya kiangazi ambayo maji yalipungua kwa sababu watu wa chini na wa juu walikuwa wanayavuta kwa mabomba kumwagilia mashamba. Katika vijito vya upande mwingine wa mlima huo, kama Naro Moru na Burguret, ugomvi wa maji ulikuwa mkali kiasi kwamba watumiaji waliunda jumuiya zao za kugawana zamu, na Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2002 ikazipa nafasi rasmi. Watu waliokuwa wamewekwa pembeni wakati trauti anatungiwa sheria sasa ndio wanaokaa kikaoni kuamua bomba la nani lifungwe lini.

Sasa turudi kwetu, katika ukanda wa dhahabu, kwa samaki wetu wenyewe.

Katika malambo, majaluba na madimbwi ya Kahama, anayetawala ni kambare. Ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya maji, kwa hiyo dimbwi lenye tope lisilo na oksijeni halimsumbui sana. Mwenzake kamongo amejaliwa zaidi. Maji yakikauka hujifukia katika tope, akajizungushia utando, akasubiri mvua. Samaki hawa ni fahari ya nchi kavu, nami sina neno baya dhidi yao. Tatizo ni kwamba tumewafanya kipimo. Kambare akiwa hai tunasema maji ni mazuri. Mto ukiwa na kitu chochote kinachopapatika ndani yake, hakuna anayeuliza swali.

Nadhani ndivyo tunavyompima mwananchi pia. Sera zetu nyingi za maji, mazingira na madini zinamchukulia mkazi wa vijiji vya machimbo kama kamongo: atajifukia, atavumilia, mvua itanyesha. Methali yetu husema mvumilivu hula mbivu, na ni kweli kwa mkulima anayengojea embe. Haiwi kweli kwa mtu anayengojea maji yaliyoingia sumu yajisafishe yenyewe. Kuna madhara ambayo mvumilivu huyala.

Zebaki ni mfano ulio karibu nasi kuliko wote. Wasomaji wanaotoka Geita, Nyang'hwale, Mbogwe na Msalala wanaijua njia yake bila kufundishwa. Mawe hutolewa kwenye maduara, husagwa kwenye karasha, unga huoshwa kwenye mwalo, kisha zebaki humiminwa ndani ya karai na kuchanganywa kwa mikono mitupu mpaka imeze dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa, mara nyingi juu ya mkaa mahali pa wazi, pengine nyuma ya nyumba ambamo watoto wanacheza. Sehemu ya zebaki huenda hewani, sehemu hubaki katika marudio, na marudio yakipigwa na mvua huteremka kijitoni. Huko kwenye tope bakteria huigeuza kuwa zebaki ya kikaboni, ambayo huingia katika vijidudu, kutoka vijidudu huingia katika samaki wadogo, kutoka samaki wadogo huingia katika samaki wakubwa, ikiongezeka kila hatua. Anayemaliza mnyororo huo ni mtu, na anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni, kwa sababu sumu hiyo huathiri ubongo unaojengeka.

Kambare aliyebeba zebaki huogelea kama kambare mwingine. Sokoni ananenepa vilevile, na kwenye kikaango ananukia vilevile. Jicho la mnunuzi halina uwezo wa kumtambua. Kwa hiyo uhai wa samaki mstahimilivu, unaotupa faraja, hautuambii lolote juu ya usalama wa maji alimotoka wala wa mlo tunaouandaa.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa katika mji wa Minamata, Japani. Kiwanda cha kemikali cha Chisso kilimwaga zebaki baharini. Kabla ya binadamu kugunduliwa kuwa wagonjwa, paka waliokula samaki wa ghuba ile walianza kuyumba, kuzunguka kama waliolewa, na kufa. Wagonjwa wa kibinadamu walitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kiwanda kiliacha kumwaga taka zile mwaka 1968. Kati ya paka wa kwanza na uamuzi huo ilipita zaidi ya miaka 10, na watoto walizaliwa na ulemavu. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Sisi nasi hatukukosa taarifa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, watafiti walichukua sampuli za tope, udongo na samaki kuzunguka machimbo ya Rwamagasa, mkoani Geita. Walikuta zebaki nyingi katika tope na udongo wa karibu na machimbo, na baadhi ya samaki wa eneo hilo walizidi miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango cha juu kinachokubalika kwa samaki wa kuuza nje. Kwa haki niseme pia kwamba samaki wa Ziwa Victoria waliochukuliwa katika Ghuba ya Nungwe walikutwa na kiwango kidogo. Hiyo ni habari njema, hasa kwetu tunaokunywa maji ya Ihelele yanayovutwa kutoka ziwa hilohilo na kula dagaa na sato wake. Lakini habari njema ya miaka 20 iliyopita si cheti cha leo, na ripoti ile iliandikwa kwa Kiingereza. Mama anayekaanga samaki Rwamagasa ana haki gani ya kujua kilichopimwa katika samaki wake, ikiwa lugha ya matokeo si yake?

Tazama pia yaliyotokea mkoani Mara. Mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara hadi mto Tigithe, na malalamiko ya wananchi yakafika mbali. Machi 2022 maji ya mto Mara yalibadilika rangi, samaki wakaelea wakiwa wamekufa. Kamati iliyoundwa na serikali ilieleza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, na wananchi wengi hawakuridhika na maelezo hayo. Sikusudii kuamua hapa nani alikuwa sahihi. Ninalolisema ni kwamba mjadala ulianza samaki wakiwa wamekwisha kuoza. Kama kungekuwa na kumbukumbu za mto ule za kila mwezi, zilizo wazi kwa kila mtu, kamati ingekuwa na kitu cha kuonyesha na mwananchi angekuwa na kitu cha kulinganisha. Pasipo kumbukumbu, kila upande ulibaki na imani yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na asiyepima maradhi hana tofauti kubwa na anayeyaficha.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba ninatamani samaki wa wakoloni. Sitamani. Trauti ni mgeni anayekula wadudu na samaki wenyeji wa vijito alimopandwa, na sisi wa kanda ya ziwa tunakijua kisa cha mgeni mwingine, sangara, aliyetiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na baadaye akawamaliza wengi wa furu. Simwombei trauti aje Kahama. Asingeishi hata tungemwombea. Ninachokitaka ni ile kanuni iliyofichwa ndani ya sheria zake: mto usimamiwe kwa mahitaji ya kiumbe wake dhaifu. Kule kiumbe huyo alikuwa samaki wa starehe. Kwetu awe mtoto aliye tumboni mwa mama anayeishi chini ya mwalo.

Pingamizi ya pili ni ya huruma: wachimbaji wadogo ni maskini, na ukiwabana utaua riziki zao. Huruma hii ningeiheshimu zaidi kama ingeanza kwa kuwauliza wachimbaji wenyewe. Anayevuta mvuke wa zebaki wa kwanza ni mchimbaji, na anayeichanganya kwa mikono mara nyingi ni kijana wa kibarua asiye na duara wala leseni. Vipo vyombo vilivyofungwa vinavyonasa mvuke ili zebaki itumike tena, na vinampunguzia mchimbaji gharama. Tena uzito wa sheria hauanzii kwa mwenye karai. Mkataba wa Minamata unaorodhesha miongoni mwa mazoea mabaya kabisa kuchenjua kwa sayanaidi marudio yenye zebaki kabla zebaki hiyo haijaondolewa. Wenye mitambo ya kuchenjua marudio ni watu wenye mtaji na anwani, na kuwafuatilia hakuhitaji kumkimbiza mtu porini. Vivyo hivyo kwa migodi mikubwa, ambayo ina maabara zake na haiwezi kudai kwamba haijui kinachotoka katika mabwawa yake.

Pingamizi ya tatu ni fedha. Mzee wa mto Thego alitumia kipimajoto, daftari na mkono uliovumilia baridi. Hapa nchini wanasayansi wetu wametengeneza mfumo uitwao TARISS, unaoipa mito ya Tanzania alama kulingana na wadudu waliomo, kwa kanuni ileile ya kugeuza jiwe na kuhesabu. Mito yetu ya Kahama ni ya msimu, kwa hiyo kazi hiyo ifanyike mvua zinapotiririsha maji. Kiangazi yapimwe matope na minofu ya kambare wa malambo. Wadudu hawatatuambia kiasi cha zebaki, hiyo ni kazi ya maabara, lakini watatuambia mapema ni kijito gani kinachopaswa kupelekwa maabara kwanza.

Mapendekezo yangu ni matatu, nayo hayahitaji sheria mpya.

La kwanza, kila kijito na lambo lililo karibu na machimbo liwe na daftari lake, litunzwe na Jumuiya ya Watumia Maji, chombo kinachotambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Shule za sekondari zishirikishwe kuhesabu wadudu. Mwanafunzi wa biolojia anayekariri mnyororo wa chakula ubaoni ana mnyororo huo mita chache kutoka darasani.

La pili, matokeo ya vipimo yabandikwe kwa Kiswahili mahali watu walipo: ofisi ya kijiji, mwaloni, soko la samaki, zahanati ya wajawazito. Ibara ya 18 ya Katiba inampa mwananchi haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake, na tangu mwaka 2016 tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Sijui jambo muhimu kwa maisha kuliko kilichomo katika maji na kitoweo.

La tatu, mita 60 zilizotajwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambamo shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazohatarisha mazingira zimekatazwa kando ya mito na maziwa, zipimwe kwa kamba na ziwekewe alama kuanzia kwenye mialo na mitambo ya marudio. Mara nyingi tumeiona sheria hii ikimfikia kwanza mwenye bustani ya mchicha. Ianze sasa na mwenye bwawa la sayanaidi.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu: najua wengi wenu mna takwimu katika makabati na mnangoja idhini ya kuzitoa. Iombeni kwa maandishi, ili kama itakataliwa, kukataliwa huko nako kuwe na tarehe na sahihi. Kwa wanaharakati: acheni kungoja samaki waelee ndipo mpige picha. Picha ya maiti huamsha hasira ya wiki moja, lakini kumbukumbu za miezi 24 mfululizo humlazimisha mtu kujibu. Kwa wanafunzi wangu: mnatafuta mada za utafiti zilizo mbali ilhali lambo la kijijini kwenu halijawahi kuwa na hata ukurasa mmoja.

Ibara ya 27 ya Katiba inasema kila mtu ana wajibu wa kulinda maliasili ya nchi. Wajibu huo hauwezi kutimizwa gizani. Kwa hiyo, katika mkutano ujao wa hadhara wa kijiji au mtaa wako, mwenyekiti atakapouliza kama kuna lolote jingineyo, nyoosha mkono na uulize: maji ya lambo letu na samaki wake walipimwa lini mara ya mwisho, nani aliwapima, na matokeo yamebandikwa wapi? Jibu lolote utakalopewa, liandike pamoja na tarehe. Huo utakuwa ukurasa wa kwanza wa daftari.